Dakika 20 za Asubuhi: Mwongozo wa Ibada Binafsi kwa Mtu Mwenye Shughuli Nyingi

Maswali ni yale yale, kila baada ya ibada ya Jumapili, kila semina ya vijana, kila kikao cha jumuiya. Nianzie wapi kusoma Biblia? Niombe kwa muda gani? Mbona Jumapili nina moto, na ikifika Jumatano nimekwisha? Nitajuaje Mungu anataka nifanye nini na maisha haya? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayeuliza hayo kwa mara ya kwanza, na pia kwa aliyeanza mara tano akaishia njiani.

Jambo moja lieleweke mapema. Wana wa Israeli jangwani waliokota mana kila asubuhi, pishi moja kwa kila mtu. Waliobakiza ya kesho waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Siku ya sita peke yake ndiyo waliyoruhusiwa kuokota mara mbili (Kutoka 16). Nguvu ya imani hupatikana kwa utaratibu huo. Mkesha mzuri wa Ijumaa hauwezi kukulisha hadi Ijumaa nyingine, hata kama ulilia na kuruka. Kinachomsimamisha mtu ni kipimo kidogo cha kila siku, chenye saa yake na mahali pake, kinachoishia katika tendo unaloweza kulitaja kwa jina.

Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya siku ya kwanza. Anayeanza huku bado anavitafuta huwa anaahirisha.

Biblia ya karatasi, ikiwezekana. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo inayonukuliwa makanisani na ndiyo nzuri kwa kukariri, maana Kiswahili chake kina mapigo. Ikiwa maneno kama "walakini" na "shetri" (sehemu ya nyuma ya chombo) yanakukwamisha, tumia Habari Njema, yenye Kiswahili cha kawaida. Iko pia ile yenye vitabu vya Deuterokanoni kwa Wakatoliki. Chagua moja ukae nayo siku zote 30. Ukirukaruka kati ya tafsiri tatu utabaki unalinganisha maneno, na neno lenyewe halitakuingia.

Daftari la kawaida la shule na kalamu moja isiyotoka ndani ya daftari hilo.

Saa ya kengele. Simu inafaa kama huna nyingine, lakini iweke katika hali ya ndegeni tangu usiku, isije ikakuamsha pamoja na meseji kumi na nne za magrupu.

Mahali. Kiti kile kile, mkeka ule ule, ukingo ule ule wa kitanda. Mwili huzoea mahali haraka kuliko akili.

Mtu mmoja atakayejua kwamba umeanza: mzee wa kanisa, katekista, rafiki wa kwaya, shangazi anayeomba. Kazi yake ni kukuuliza mara moja kwa wiki, "Umefika wapi?"

Huhitaji mshumaa maalumu, wala mafuta, maji au chumvi ya kununua. Yeyote anayekuambia kwamba ibada yako haitapokelewa mpaka utoe fedha kwanza anafanya biashara, na wewe ndiye mteja. Sadaka toa kanisani kwako, kwa hiari, kwa kipimo ulichokikusudia moyoni.

Mpango wa kusoma wa siku 30

Usianzie Mwanzo 1 kwa nia ya kumaliza Biblia yote. Ina sura 1,189 kwa hesabu ya vitabu 66, na wengi huishia Mambo ya Walawi mwezi wa pili, wakiona aibu ya bure. Anza hivi.

Siku ya 1 hadi ya 7, Zaburi moja kila siku kwa mpangilio huu: 23, 13, 27, 46, 62, 121, 131. Ni fupi zote. Ndefu kuliko zote ni ya 27, yenye mistari 14. Zimechaguliwa makusudi ili uone kwamba Biblia ina maneno ya mtu aliyetulia na pia ya mtu aliyechoka kungoja. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya mwanzo.

Siku ya 8 hadi ya 30, Injili ya Marko. Ina sura 16. Gawa mara mbili zile ndefu saba, yaani ya 1, 6, 9, 10, 12, 14 na 15, nawe utapata vipande 23 vya siku 23 zilizobaki. Marko anakwenda mbio. Hotuba zake ndefu ni chache, na Yesu wake ni mtu wa kazi: anatembea, analala chomboni kwa uchovu, anakosa hata nafasi ya kula.

Hatua za kila siku

1. Anza usiku. Fungua Biblia kwenye ukurasa wa kesho, weka daftari juu yake, weka kengele mbali na kitanda kiasi kwamba lazima usimame ndipo uizime. Lala dakika 30 mapema kuliko kawaida yako. Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua. Ukilala saa 7 usiku kwa sababu ya video, alfajiri utakuwa na vita ambayo ulishashindwa tangu jana.

2. Kaa kimya, dakika 2. Mgongo wima, miguu chini. Vuta pumzi taratibu mara tano au sita. Kisha sema neno moja fupi la kujiweka mbele za Mungu, kwa mfano lile la Zaburi 46:10, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Usianze na orodha ya shida. Ukianza nazo, dakika zote 20 zitakuwa za wasiwasi uliovaa nguo ya sala.

3. Soma, dakika 7. Mara ya kwanza soma kwa sauti ya chini, lakini sauti itoke. Macho yakisoma peke yake huruka mistari, ulimi hauruki. Mara ya pili soma polepole, usimame pale ambapo neno limekugusa, limekukera au hulielewi. Hapo pa kukera usipapite haraka. Weka nukta kwa kalamu pembeni ya mstari.

4. Andika mistari mitatu, dakika 4. Si insha. Herufi tatu pembeni mwa ukurasa: K ya kilichosemwa, G ya kilichonigusa, T ya tendo la leo. Tuseme umesoma Marko 4:35–41, habari ya dhoruba:

K: Chombo kinajaa maji, Yesu amelala shetrini juu ya mto. Wanamwamsha kwa lawama: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"
G: Nimeuona ukimya wa Mungu kuhusu kodi ya nyumba kama kutojali.
T: Saa 4 nampigia mwenye nyumba, namwambia kiasi nilicho nacho, siendelei kumkwepa.

Tazama hiyo T. Ina saa, ina mtu, inaweza kufanyika leo, na jioni utajua kama imefanyika au la. "Nitamwamini Mungu zaidi" si T. "Nitakuwa mtu wa upendo" si T. Ukiona huwezi kutaja saa na mtu, bado hujafika.

5. Omba, dakika 6. Mwenye mazoea ya sala za kanisa lake, iwe Masifu ya Asubuhi au Baba Yetu, atumie hizo. Hazina upungufu wowote, na siku ya uchovu zitakubeba wewe badala ya wewe kuzibeba. Asiye na mpangilio afuate huu: shukrani tatu zenye majina (si "asante kwa yote" bali "asante kwa mtoto kupona homa"), kosa moja la jana, ulitaje lilivyo bila kulipamba, watu watatu, jina kwa jina, halafu ratiba yako ya leo, saa kwa saa, ukiiweka mbele za Mungu. Kikao cha saa 3. Foleni ya hospitali. Mteja anayedaiwa. Ile T uliyoiandika. Waumini wengi huombea mataifa na kusahau saa nane mchana, ambako ndiko watakakojaribiwa.

6. Beba mstari mmoja, dakika 1. Chagua maneno yasiyozidi kumi na mbili kutoka ulichosoma, uyaandike kwenye kipande cha karatasi, uyasome mara tatu, utie mfukoni au nyuma ya kitambulisho cha kazi. Kisha uyafunge kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku: kuwasha jiko, kufunga mkanda wa helmeti, kunawa mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa mwingine. Kila ukifanya jambo hilo, uyarudie kimoyomoyo. Wakatoliki wana desturi ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, nayo inafanya kazi hiyo hiyo ya kuirudisha akili nyumbani katikati ya siku.

7. Tenda T. Ukiweza, kabla ya saa 6 mchana. Kadiri jua linavyopanda ndivyo sababu za kutolitenda zinavyoongezeka.

8. Jioni, dakika 5. Ipitie siku mbele za Mungu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wenzake zoezi hili katika karne ya 16, na Wakristo wa makanisa mengi wamelichukua. Uliza maswali matatu tu: Leo nilipata nguvu wapi? Nilipungukiwa wapi? T ilifanyika? Andika neno moja moja kwa kila swali. Usijihukumu usiku kucha. Kabidhi, omba msamaha pale panapostahili, lala.

Kuhusu kusudi

Hapa pana swali linalowatesa wengi, hasa vijana waliomaliza chuo na hawajapata kazi, na watu wazima wanaohisi kwamba kazi waliyo nayo haina maana. Wanangoja sauti au ndoto, au nabii awaite mbele. Wakati huo miaka inapita.

Soma Luka 3:10–14 polepole. Makutano walimwuliza Yohana Mbatizaji, "Tufanye nini?" Alijibu kulingana na mahali kila mmoja aliposimama. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Hakumtuma hata mmoja jangwani akavae singa za ngamia kama yeye. Toba yao ilipaswa kuonekana mezani pa ushuru na kwenye zamu ya ulinzi.

Kwa hiyo kusudi huanzia kwenye kazi iliyo mikononi mwako leo, kabla hujajua lile kubwa la maisha yote. Mwuza mchele: kibaba chako kisiwe na kitako kilichobonyezwa kwa ndani, maana Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mwendesha bodaboda: nauli mliyopatana pale kijiweni ndiyo nauli, hata mvua ikianza njiani. Muuguzi: mgonjwa wa kitanda cha mwisho, asiye na ndugu wa kumletea uji, aitwe kwa jina lake. Mwalimu: daftari la mtoto wa mwisho darasani lisahihishwe kama la wa kwanza. Dada wa kazi za nyumbani, ambaye pengine ndiye anayesoma haya usiku baada ya wote kulala: mtoto unayemlea anajifunza kutoka kwako upole ni kitu gani. Paulo aliwaandikia watumwa, si mabwana, aliposema, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu" (Wakolosai 3:23). Maneno hayo hayampi mwajiri ruhusa ya kukunyima mshahara. Sura inayofuata, mstari wa kwanza kabisa, inawaamuru mabwana wawape watumwa yaliyo haki na ya adili.

Siku ya 15 ya mpango wako, tenga nusu saa ya ziada. Chora safu tatu katika daftari. Ya kwanza: watu walio mikononi mwangu (watoto, wazazi, wanafunzi, wateja, jirani mgonjwa), kwa majina. Ya pili: nilichopewa (ufundi, lugha, muda, gari, sauti, uvumilivu wa kusikiliza). Ya tatu: maumivu ninayoyaona kila wiki hapa ninapoishi. Kisha tafuta mstari unaoziunganisha zote tatu. Fundi cherehani aliye na wasichana watatu wa mtaani waliokatishwa shule, na Jumamosi alasiri haina kazi: mstari umeshaonekana. Wapelekee daftari hilo watu wawili au watatu wanaokufahamu vizuri, uwaulize wanaona nini. Usiamue peke yako. Moyo hudanganya, na pia huogopa. Siku ya 30 rudia zoezi, ulinganishe.

Ukipata mstari, anza kwa kipimo kidogo. Saa mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu, bila kutangaza popote. Huduma nyingi hufa kwa sababu zilipewa jina na nembo kabla hazijapata mtu wa kwanza wa kumhudumia.

Utaratibu wa wiki

Siku sita za hatua zile nane, na siku moja ya kusanyiko na pumziko. Waebrania 10:25 inaonya dhidi ya kuacha kukusanyika "kama ilivyo desturi ya wengine", na onyo hilo lina sababu ya kawaida kabisa: mtu akiwa peke yake, shida yake huonekana kubwa kuliko ilivyo na dhambi yake huonekana ndogo kuliko ilivyo. Jumuiya ndogondogo, ushirika wa nyumba kwa nyumba, kikundi cha maombi cha ofisini, vyote vinafaa, mradi wasizidi watu ambao majina na shida zao unaweza kuzikumbuka. Utazamaji wa ibada kwenye simu ni msaada kwa mgonjwa na msafiri. Kwa mzima aliye jirani na kanisa, haumpatii mtu wa kumbebea mizigo.

Siku ya pumziko, usiandike T. Lala na kula vizuri, tembelea mtu.

Makosa yanayojirudia

Kuanza na saa nzima. Siku ya kwanza tamu, ya nne nzito, ya sita haipo. Anza na dakika 20. Ukiona hazikutoshi kwa wiki tatu mfululizo, ongeza tano.

Kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Hivyo hutasoma kitabu kama mwandishi alivyokipanga, na utapata jibu ulilolitaka.

Kunyofoa mistari ya faraja. Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", iko kwenye kadi nyingi za harusi na mahafali. Irudishe mahali pake: ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli kwa nguvu. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko ugenini, wa 7 unawaambia wauombee amani mji huo, na wa 10 unataja miaka 70. Wengi walioisoma barua ile hawakurudi kwao. Ahadi inazidi kuwa na nguvu ukiisoma hivyo, maana inamfikia hata mtu ambaye hali yake haitabadilika mwaka huu. Ndivyo ilivyo na Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari uliotangulia unataja hayo mambo yote: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa.

Kupima ibada kwa machozi. Isaya 40:31 inasema wamngojeao Bwana watapanda juu kwa mbawa kama tai, watapiga mbio wala hawatachoka, watakwenda kwa miguu wala hawatazimia. Angalia mpangilio: kuruka ni mwanzo, kutembea ni mwisho. Siku nyingi za muumini ni za kutembea.

Kuacha dawa. Hili tunalisema wazi kwa sababu limeua watu. Ukiwa kwenye ARV, dawa za presha, sukari, kifafa au magonjwa ya akili, endelea nazo huku ukiomba. Kama umeombewa na unaamini umepona, nenda kapime, na daktari ndiye aamue kupunguza.

Kuita mateso ya kupigwa "msalaba wangu". Anayepigwa nyumbani atafute usalama kwanza, kwa ndugu, kwa mchungaji mwenye busara, kwenye dawati la jinsia la polisi. Kusamehe hakumlazimu mtu kurudi chini ya ngumi.

Ikikwama

Nasinzia. Soma umesimama, au ukitembea chumbani. Nawa uso kwanza. Ikiendelea zaidi ya wiki, tatizo liko kwenye saa ya kulala. Rudi hatua ya 1.

Akili inatangatanga. Weka karatasi ya pembeni. Likija wazo la gesi imeisha au ada ya shule, liandike neno moja, urudi. Usipambane nalo. Ukirudi mara ishirini, umeomba mara ishirini.

Tunaishi chumba kimoja na watoto watatu. Nenda nje, hata kwenye ngazi au nyuma ya banda la kuku. Marko 1:35 inamwonyesha Yesu alfajiri na mapema sana akitoka kwenda mahali pasipokuwa na watu, na alikuwa amelala katika nyumba ya Simoni na Andrea, ambako jioni ile mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Ikishindikana, tumia dakika wanapokuwa shuleni, au ndani ya daladala ukiwa umeketi dirishani.

Nina mtoto mchanga. Kwa miezi hiyo acha hatua zote ila ya 6. Mstari mmoja, kila unaponyonyesha. Inatosha kabisa.

Nafanya zamu za usiku. Asubuhi yako ni saa unayoamka, hata kama ni saa 9 alasiri. Kwa ajili ya zamu yenyewe kariri Zaburi ya 134, mistari mitatu tu, iliyoandikwa kwa wanaosimama usiku.

Niko kazini Uarabuni, siwezi kusoma kwa sauti wala kuweka Biblia wazi. Hapo kukariri ndiko kutakakokusaidia. Kabla ya kusafiri, au kidogo kidogo ukiwa huko, tia kichwani Zaburi 23, 121 na Baba Yetu. Midomo isitikisike, inatosha.

Mwenzangu haamini, ananicheka au anakasirika. Usimhubirie. Fanya ibada kwa muda usiomwibia chochote, na T zako nyingi zimlenge yeye: chai, bili, kumsikiliza bila kumkatiza.

Nimeanguka dhambi ile ile. Iungame siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili. Kisha mwambie yule mtu mmoja. Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi, na dhambi nyingi za siri hupoteza nusu ya nguvu zake zikishasikiwa na sikio la pili. Mwenye kanisa lenye kitubio aende. Halafu badilisha mazingira: kama ni simu usiku, simu ilale sebuleni.

Nimeomba miaka, sijajibiwa. Usijilaumu kwa imani ndogo. Baba wa yule kijana mwenye pepo alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na mtoto akaponywa kwa imani hiyo hiyo iliyopasuka. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake umtoke (2 Wakorintho 12), akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe. Endelea kuomba, na tumia Zaburi za malalamiko bila hofu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni, na bado imo katika Biblia kama sala halali.

Nimekosa siku nne. Usilipe deni. Fungua kipande cha leo, andika tarehe ya leo, endelea. Anayejaribu kusoma vya siku nne kwa asubuhi moja huacha kabisa siku ya sita.

Sina nguvu hata ya kufungua Biblia, na imekuwa hivi kwa wiki. Soma 1 Wafalme 19, au mwombe mtu akusomee. Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akampa mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Sauti ya utulivu ilikuja baadaye sana, baada ya usingizi, chakula na mwendo wa siku 40. Basi kula, lala, mwambie mtu leo hii. Ikiwa huzuni imezidi wiki mbili, usingizi umekimbia, au wazo la kujiua limekujia hata mara moja, nenda kituo cha afya ukiwa na mtu wa kukusindikiza, umweleze mhudumu hivyo hivyo ilivyo. Daftari litakusubiri.